Saa ya Baba Yako Isikuguse Ngozi

Noela, mwanangu,

Mama Furaha amesema kichwa chako kitachukua mchana wote, kwa kuwa umetaka misuko ile midogo kabisa, ya kuwaonyesha watu wa Butembo kwamba Goma tunajua kusuka. Sawa. Kaa hapo kwake, vumilia kuvutwa. Mimi nimeketi mlangoni kwetu juu ya bidoni ya maji iliyopinduliwa, nakuandikia kabla giza halijaingia, kwa sababu kesho asubuhi penye basi nitafunga mdomo kama kawaida yangu. Unanijua. Mtu akiniangalia machoni, maneno yote yanakimbia. Karatasi hainiangalii.

Sitakuandikia habari za mswaki, wala za kukunja blanketi, wala za kutokunywa maji ya njiani. Hayo nimeyasema mpaka ukaanza kuyaigiza kwa sauti yangu mbele ya watoto wenzako. Nilikusikia. Njia yenyewe anaijua Mama Desanje, mfanyabiashara utakayesafiri naye: Bunagana, halafu Uganda, halafu mtaingia tena Kongo kwa Kasindi, kwa sababu barabara yetu ya moja kwa moja vita imeifunga. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya mkono wako. Wewe uliibeba, mimi niliitazama, na hatujawahi kuizungumza mpaka mwisho. Na huko uendako kuna mtu anakungoja na mnyororo wa chuma.

Unaniita mama mudogo, na ndivyo nilivyo, mdogo wa mama yako Masika. Tulipotoka Rutshuru na kufikia Kibati, yeye akafa kwa kipindupindu katika hema, na mimi nilikuwa bado mwanafunzi ninayeona aibu kuomba chaki. Aliniachia wewe. Kwetu jambo hilo halina mjadala, mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu. Lakini jina la Mama Noela lilikuwa lake, hakuna aliyenipa mimi. Hata leo, nimemaliza shule na diploma ninayo, mtaani naitwa Kahindo tu, au dada ya Noela.

Mabomu yalipokaribia Kibati tukakimbilia Mugunga. Katikati ya mji, penye umati wa watu, magodoro na mbuzi, ulinichomoka. Nilidhani nimekushika mkono, kumbe nilikuwa nimeshika mkono wa sweta. Kesho yake tulikukuta katika uwanja wa kanisa, umekaa na watoto wengine waliopotea, unakula biskuti aliyokupa mwanamke usiyemjua. Ukaniuliza kama na mimi nataka. Baba yako, ambaye biashara ilikuwa imempeleka Butembo na vita ikamfungia huko huko, alilia kwenye simu mpaka salio likaisha. Ndipo akatuma saa.

Sijui ni nani aliyefikiria kutengeneza kitu kile. Ukanda wa plastiki ya pinki, kifungo cha chuma, na mgongo wa chuma unaong'aa kama kijiko kipya. Ndani ina kadi ya simu. Ukiileta mdomoni unaongea na baba, na yeye huko aliko anaona uko mtaa gani. Ulitembea nayo mtaani umeinua mkono kama askari wa barabarani. Lakini ilikuwa na tabia moja iliyotuponza. Ikivuliwa, inapeleka habari kwa baba yako.

"Noela! Juu ya nini umevua montre?"

"Naoga, papa."

"Usivue. Hata ukioga. Mwenye aliniuzia alisema haiogopake maji. Unasikia? Miye nikiona iko ku mukono yako, nalala."

Basi ukaoga nayo, ukalala nayo, ukakanda nami unga wa mandazi nayo. Sabuni, mafuta, unga na jasho, vyote vilikuwa vinaingia chini ya chuma kile na havitoki. Na asubuhi, nikiona inalegea, nilikuwa naikaza mwenyewe tundu moja zaidi. Niliikaza kama mtu anayefunga mlango. Nilikuwa nimekupoteza mara moja.

Ilianza kwa harufu. Nilifikiri umeficha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, chini ya godoro. Nililigeuza godoro, nikafagia pembe zote, nikamtukana paka wa jirani. Harufu ikabaki. Halafu nikaona kwamba unavaa sweta. Jua lilikuwa linachoma mpaka mawe meusi ya barabarani yanaunguza nyayo, na wewe umevaa sweta iliyofungwa mpaka kwenye vidole. Nilipokukamata mkono ulipiga kelele kabla sijakugusa vizuri.

Nitakuandikia nilichokiona, kwa sababu siku ile uligeuza uso ukutani. Chini ya saa hapakuwa na ngozi. Palikuwa na kitu chekundu kinachotoa maji, chenye malengelenge yaliyopasuka na kugandana na ukoko wa njano. Kilikuwa kama jibini ya Masisi iliyosahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa rangi na kwa harufu. Nilipoinua saa, kipande chako kilikuja nayo. Mgongo wa saa ulikuwa na utelezi wa kijani kama kamasi, na vinyweleo vyako vimenasa ndani. Niliishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika panya kwa mkia. Nikatoka nje nikatapika juu ya mawe, mbele ya watu wanaopita.

Nikiwa bado nimeinama, saa ikalia mkononi mwangu. Baba yako. Ulitoka mbio, ukaninyang'anya, ukaileta mdomoni kwa mkono ule ule unaochuruzika.

"Niko, papa. Nilikuwa naipanguza tu."

Halafu ukanitazama, machozi yamejaa, ukaninong'oneza, "Usimuambie. Atalala namna gani?"

Ulikuwa umeuacha mkono uoze ili baba yako apate usingizi. Nami nilikuwa nimesimama pale na matapishi kwenye kandambili.

Mambo niliyoyafanya baada ya hapo unayajua, yalikuuma wewe. Maji ya chumvi. Limau. Dawa ya meno. Unga wa kidonge nilichokifungua. Na ili baba yako asipige simu, nikaihamishia saa mkono wa kulia. Nilifikiri kidonda ni kidonda, kina mahali pake, tukikikimbia kitabaki nyuma. Mkono wa kulia nao ukaanza kuwasha, ukavimba, ukatoka maji. Hapo ndipo mtaa ulipoanza kusema kwamba ugonjwa wako unahama. Wateja wa mandazi wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Sikuwalaumu kwa hilo. Hata mimi nisingenunua andazi lililokandwa na mikono ile.

Kuna jambo jingine ambalo hukulisema, lakini niliona umeliona. Nilikutengea sahani yako peke yako. Nilikuambia ni ili ushibe vizuri. Kichefuchefu changu kilikuwa cha kweli, kilipanda chenyewe, sikukiita. Ila sahani niliiweka kwa mikono yangu. Huko mbele utachukizwa na watu, Noela, na watu watachukizwa nawe. Tumbo likipanda, acha lipande, toka nje, tema mate, halafu rudi. Mimi ilinichukua muda mrefu kurudi. Nilijifunga kitambaa puani, nikakusafisha huku nikitazama dari, ukaniambia, "Mama mudogo, uko unasafisha godoro." Kweli nilikuwa nasugua godoro.

Mama Rebeka alikuja mwenyewe. Sitaki umchukie mpaka usahau kwamba tulipotoka Mugunga ni yeye, kiongozi wa maombi wa mtaa wetu, aliyetuletea blanketi. Tunalilalia bado. Alikuita chumbani kwake, mahali kikundi chake kinaposali, akina mama wamekaa chini kuzunguka ukuta. Akatoa medali ya Bikira Maria, akaifunga kwa bandeji juu ya kiwiko, mahali ambapo ngozi yako ilikuwa safi.

"Kama iko ugonjwa, itapona. Kama iko kitu ingine, itajionyesha."

Tuliporudi kesho yake akaifungua. Ngozi ilikuwa imevimba na kutoa malengelenge kwa umbo lile lile la medali, yai dogo jekundu, utadhani limechorwa. Akina mama wakashika midomo. Mmoja akavuta watoto wake karibu.

"Munaona?" Mama Rebeka alisema. Hakufurahi, nakuapia. Aliogopa. "Kitu chenye iko ndani yake kinakataa Mama Maria. Kahindo, huyu mutoto si alipoteaka?"

"Alipotea," nilijibu.

"Ile siku, alikula nini? Nani alimupatia?"

Ukajibu mwenyewe, kwa heshima, kama mtu aliyeulizwa darasani. "Biskuti."

Ah, Noela. Nikaona neno lile linavyozunguka ukutani, kutoka mama mmoja hadi mwingine. Unajua wanavyosema watu wetu, kwamba mtoto hupewa uchawi ndani ya chakula cha mtu asiyemjua. Kidonda kinachohama, medali inayochoma, na biskuti. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake. Mimi mwenyewe, kwa muda wa kupumua mara moja, nilikutazama mdomoni.

"Atabaki hapa," Mama Rebeka alisema. "Atafunga. Hatakula kitu mupaka ile biskuti itoke."

Ulikuwa mwembamba kama fimbo ya kuanikia nguo. Kufunga kungekuua kabla ya kidonda. Nilijua jambo moja tu, nalo lilikuwa jambo la aibu. Tangu nilipopewa suruali ya jinzi ya mtumba nikiwa sekondari, nina kipele chini ya kitovu, mahali kifungo kinapogusa, kinachowasha na kutoa maji. Nilikificha kwa kila mtu. Nilidhani ni uchafu wangu. Sasa nikaangalia alama ya medali juu ya mkono wako, nikaona ni mwenzake. Nikafungua mdomo na sauti ikatoka nyembamba, kama ya mbu.

"Nifunge na miye."

"Nini?"

"Ile medali. Nifunge na miye."

"Weye? Weye unaimbaka ku misa, Kahindo. Kila yenga, siku ya Mungu, tunakuona."

"Ndiyo. Nifunge."

Nadhani alitaka kunionyesha tofauti. Akaifunga juu ya mkono wangu, nami nikakushika, kiganja safari hii, nikatoka na wewe nje kabla mtu hajafikiri kutuzuia. Usiku ule nilifurahia kuwashwa. Ulikuwa unafungua jicho unaniuliza, "Imeanza?" Nakujibu, "Imeanza." Unalala tena.

Tuliporudi pale chumbani nilifungua bandeji mwenyewe. Yai jekundu lilikuwa pale, limejaa maji, limepasuka pembeni, lanuka. Niliwaza, sasa wataelewa. Mama Rebeka akalitazama, akajifanyia ishara ya msalaba, akasogea nyuma.

"Basi muko bawili."

Na wewe, Noela, ukacheka. Kicheko kile cha kupitia puani, cha darasani, ambacho mtu akijaribu kukizuia kinakuwa kikubwa zaidi. Kikanipata na mimi. Tulitoka mbio tunacheka na kulia, na nyuma yetu mtu anasema, "Munasikia? Munasikia namna banacheka?" Hakuna kilichotuharibia zaidi kuliko kicheko kile, na sijawahi kukijutia.

Baada ya hapo mtu alitumwagia majivu mlangoni. Kwenye bomba watu walisogeza bidoni zao ili zisigusane na yetu. Nilichukizwa. Siyo na kidonda tena, kidonda nilikuwa nimekizoea. Nilichukizwa na namna walivyokuwa wanatuangalia, macho yamefunguka, pua zimekunjwa, wanaonja. Wengine walipita mlangoni kwetu bila safari yoyote, ili wapate tu kukunja pua.

Mama Furaha alikuja amejifunga kitambaa kichwani mpaka chini ya masikio. Alikuwepo siku ya medali, amekaa karibu na mlango. Alikuwa amenyamaza kama wengine.

"Fungua, Kahindo. Na usinicheke."

Akatoa kitambaa. Hereni zake, zile za rangi ya dhahabu alizoletewa na mume wake, zilikuwa zimezama ndani ya masikio. Usaha umezizunguka na kukauka, sikio na hereni vimekuwa kitu kimoja. Harufu niliijua kabla hajakaa.

"Kila asubuhi nafuta," akasema. "Namuambia bwana ni mafuta ya nywele. Siku ile niliona mukono yako nikashika masikio yangu. Niliogopa Mama Rebeka aniangalie."

Sijui niliupata wapi ujasiri. Mimi, ambaye sijawahi kumtania mtu mzima, nilimwambia, "Basi tuko batatu." Akanipiga begani na kitambaa, tukacheka mpaka ukaamka.

Ni yeye aliyetupeleka kituo cha afya. Daktari alikuwa dada kijana, amechoka, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Alitazama mkono wako, akauliza, "Montre iko wapi?" Akaigeuza, akaiweka juu ya kidonda bila kukigusa. Ilikaa sawa kama kifuniko juu ya sufuria yake. Hakutuuliza habari za biskuti. Alisema katika vyuma vingi vya bei ndogo kuna kitu kinaitwa nikeli, kipo kwenye saa, hereni, kifungo cha jinzi, hata kwenye medali, na kuna ngozi zisizopatana nacho. Alerji. Alisema jasho ndilo linalokitoa kwenye chuma na kukiingiza kwako. Kisha akasema neno ambalo nataka ulibebe kuliko nguo zote nilizokufungia. Ngozi ikishakijua kitu hicho, haisahau. Hata ukikaa miaka mingi hujakigusa, siku kikirudi itakikumbuka.

Kwa dawa ya kupaka, na kwa kuiacha mikono yako ipumue, ukapona. Ukabaki na alama nyeusi ya mviringo kila upande, na yai juu ya kiwiko. Nami ninalo yai langu. Mama Rebeka nilimweleza yote, kwa sauti ya mbu. Alisema daktari anaona ngozi tu. Hatunywi tena kutoka kikombe kimoja, yeye na mimi, lakini blanketi hakulidai.

Baba yako ulimwambia wewe. Nilikuwa nimejipanga kukusemea, ukanitangulia.

"Papa, montre iko inanikula."

Nilisikia pikipiki zikipita huko kwake.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na miye nilikuwa naona alama ya kijani ku telefone yangu, nasema mutoto yangu yuko muzuri." Sauti yake ikabadilika. "Toa. Toa sasa hivi, Noela. Iweke mbali."

Ilikuwa imeshatolewa, lakini ukajifanya unaitoa, ili na yeye apate kufanya kitu. Nilikupenda sana pale. Akazima ile tabia ya kupeleka habari ikivuliwa, na mimi nikakata kipande cha kitenge cha mama yako nikashona mfuko. Kesho saa itakuwa ndani ya mfuko huo, juu ya nguo, kifuani. Njia nzima baba ataona mlipo. Haina haja ya kukugusa ili akujue.

Nilidhani hapo barua ingekwisha. Lakini juzi mukaka wako, mama ya baba yako, alikupigia. Sauti yake ilijaa nyumba nzima kutoka ndani ya kitu kile kidogo. "Njoo, mujukuu wangu, njoo. Nimekununulia medali na munyororo yake. Utavaa usiku na muchana, haitatoka ku shingo."

Nawe ukasema, "Aksanti, mukaka."

Leo, nikikufungia mfuko wa safari, nimekuta chini ya nguo zako blauzi ya shingo ndefu. Ile ya sufi, usiyoipenda, inayokuchoma kidevu. Najua ni ya nini. Umeshapanga kuificha shingo kabla haijaanza kuoza. Utavumilia, utanyamaza, utamwachia mukaka furaha yake, mpaka siku harufu itakapokutangulia mezani. Halafu mtu ataifungua shingo na kuona mnyororo umechorwa kwa usaha, na mahali medali ilipolala hakuna ngozi iliyobaki nzima, na ataanza kuuliza ulikula nini siku ile ulipopotea. Mimi sitakuwepo kusema nifunge na miye.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia hapa: mwambie mwenyewe mlangoni, kabla ya kula, kunja mkono wa nguo, onyesha. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya maneno hayo. Kisha nikajiuliza ni nani anayemwandikia mtoto afanye jambo ambalo yeye mwenyewe analiogopa.

Nimeacha kalamu. Saa ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ndani ya mfuko wake. Nimeitoa, nimeileta mdomoni, ingawa mpaka leo ikikaribia pua yangu nasikia harufu ya jibini ile, na nimebonyeza picha ya mukaka wako.

"Alo? Noela?"

"Hapana, mukaka. Iko Kahindo."

"Kahindo nani?"

Ningeweza kusema mdogo wa Masika. Ndivyo nilivyozoea.

"Mama ya Noela."

"Mama ya Noela alikufa. Nilimulilia."

"Ndiyo, mukaka. Na miye nilimulilia. Na niko mama yake."

Kuku walikuwa wanalia huko kwake. Nikaogopa kwamba nikinyamaza sitaanza tena, nikasema yote kwa mkupuo mmoja kama mtoto anayekariri, saa, sweta, medali, biskuti, Mama Rebeka, daktari. Nilimwambia, "Chuma ikimugusa, ngozi inaoza. Inanuka, mukaka. Utachukizwa, hata miye nilichukizwa. Haiko roho mubaya. Na ukimuvalisha hatakuambia kitu, juu ya vile anakupenda mbele ya kukuona. Atanyamaza mupaka shingo iishe."

"Medali ya Bikira ndiyo itamuozesha?"

"Chuma ya medali. Bikira hana neno."

Nikasikia mnyororo unalia mkononi mwake.

"Nilienda kuinunua kwa miguu yangu," akasema. "Na haya magoti."

"Najua, mukaka."

"Sasa niifanye nini?"

"Uishone ndani ya kitambaa. Aivae inje ya nguo."

"Kitambaa gani? Kitenge ao koton?"

"Koton."

"Nitaweka mbili. Anatokaka jasho?"

"Sana."

"Basi mbili." Nikasikia anamwambia mtu alete kikapu cha sindano. Kisha akarudi kwenye simu. "Kitu gani ingine hapendi? Sema sasa, Mama Noela, nisimukosee."

Nilitaka kujibu kwamba hupendi sombe, kisamvu chetu, yenye mawese mengi. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Alifikiri simu imekatika.

"Alo? Alo, Mama Noela? Uko?"

"Niko," nimesema.

Blauzi ya shingo ndefu nimeitoa kwenye mfuko wako, usiitafute. Badala yake nimeweka lile gauni la mikono mifupi. Jua linashuka, na kutoka hapa naona Mama Furaha amekugeuza kichwa amalizie upande wa mwisho. Masikio yake hayana kitu. Wewe umekunja mikono ya nguo mpaka juu kwa ajili ya joto, alama zako zote ziko nje, watu wanapita na wewe unabishana naye habari ya shanga.

Basi bishana. Nakuja kukuchukua.

Mama Noela